Mbunge aliyeombwa sahihi ya bwana yake

Hapa Birere ni nani asiye na mtu Kanada? Ukikaa kwenye likelemba dakika kumi tu utasikia: dada yangu yuko Montréal, kijana wangu yuko Ottawa, wakwe zangu wanangojea viza. Tunaongea juu ya inchi ile kama vile wanawake wa kule walizaliwa wakakuta mambo yote yamekwisha kutengenezwa. Juma hili tunawaletea habari ambayo hata wengi wanaoishi kule hawaijui.

Tarehe 14 Desemba 1961, Marie-Claire Kirkland alichaguliwa kuwa mbunge wa Quebec, lile jimbo la Kanada ambako watu wanasema Kifaransa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika bunge hilo. Alikuwa amesoma sheria, tena alikuwa mama wa watoto. Familia yake ilikaa upande wa Montréal, lakini bunge liko katika mji wa Quebec, mwendo wa kilometa 250 hivi. Akatafuta nyumba ya kupanga karibu na kazi. Siku ya mkataba akaambiwa kwamba sahihi yake haitoshi: yeye ni mwanamke aliyeolewa, basi bwana yake ndiye atie sahihi.

Fikirini kidogo. Mtu anatunga sheria za jimbo zima, lakini hana ruhusa ya kupanga vyumba viwili! (Na wakati huohuo wakubwa walikuwa wakibishana kama anapaswa kuvaa kofia ndani ya bunge ao hapana.)

Hakulia, wala hakugombana na mwenye nyumba. Alipeleka bungeni mpango wa sheria ambao watu wa kule wanauita mpaka leo Sheria namba 16. Ilianza kazi tarehe 1 Julai 1964. Tangu siku hiyo, mwanamke aliyeolewa katika Quebec anaweza kutia sahihi mkataba, kufanya kazi ya biashara na kwenda mbele ya tribinali bila kuomba kwanza ruhusa ya bwana. Mwaka wa 1964 si zamani sana. Wengi wetu tuna mama ao nyanya aliyekuwa amekwisha kuzaliwa.

Sasa sikieni jambo linalotugusa sisi. Ile ruhusa ya bwana ilitoka wapi? Ilitoka Ufaransa, katika kitabu cha sheria cha Napoleoni cha mwaka wa 1804. Kitabu kile kilisema kwamba bwana anapaswa kumlinda bibi, na bibi anapaswa kumtii bwana. Watu wa Quebec walichukua mambo mengi humo walipoandika sheria yao mwaka wa 1866. Wabelgiji nao waliitumia sheria ya Napoleoni kwao, kisha wakaja nayo Kongo. Tulipopata Kode ya Familia yetu wenyewe, tarehe 1 Agosti 1987, maneno yale ya kulinda na kutii yaliingia katika kifungu cha 444, karibu sawasawa na ya Napoleoni. Na kifungu cha 448 kikamwomba bibi apate ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi mambo ya sheria yanayomfunga kutoa kazi yake mwenyewe. Mara nyingi tunaambiwa hii ni desturi ya babu zetu. Babu gani? Huyu alikuwa babu wa Paris.

Kifungu hicho kiligeuzwa hapa kwetu kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Marie-Claire Kirkland alikuwa amekufa miezi michache tu mbele, Machi 2016, naye alikuwa mwanamke wa kwanza ambaye Quebec ilimfanyia mazishi ya serikali.

Sheria mpya inasema nini? Bwana amebaki kichwa cha nyumba. Lakini kwa mikataba, bibi na bwana wote wawili wanapaswa kupatana, na wakishindwa kabisa, yule anayeumizwa anaweza kwenda kwenye tribinali ya amani. Tusidanganyane: haisemi kwamba bibi afanye anavyotaka peke yake. Inasema kwamba bwana naye hawezi kufanya anavyotaka peke yake. Wengi wanasahau kipande hicho cha pili.

Tusifikiri pia kwamba kule Kanada wanawake wote walifunguliwa siku moja. Wanawake wa makabila yaliyokuwa kule mbele ya Wazungu walikuwa na sheria yao mbaya zaidi. Mwanamke wa kabila akiolewa na mtu wa nje, serikali ilimfuta katika kitabu cha watu wa kabila, na mara nyingi hakuweza tena kukaa katika kijiji chake. Kaka yake akioa mwanamke wa nje, hakupoteza kitu, na bibi yule mgeni ndiye aliyeandikwa! Sandra Lovelace alipeleka malalamiko yake mpaka kwenye Umoja wa Mataifa, akapewa haki mwaka wa 1981. Sheria iligeuzwa mwaka wa 1985. Baadaye, mwaka wa 2005, akawa seneta.

Turudi Birere. Mama mmoja wa chama chetu, anayeuza vitenge, alikwenda kukopa feza katika kooperative moja ya mji. Wakamwambia alete sahihi ya bwana. Bwana yuko kwenye machimbo upande wa Walikale, na simu haipatikani kila siku. Akarudi mikono mitupu, na mzigo aliokuwa anauwazia ukanunuliwa na mwingine.

Tulipomweleza habari ya yule mbunge, alicheka sana. Kisha akanyamaza, akauliza: «Na bwana akija kukopa, wanamwomba sahihi ya bibi yake?» Hakuna aliyejua kumjibu. Kama wanawaomba wote wawili, ni sawa, wanafuata sheria. Kama wanamwomba mama peke yake, wanafuata kifungu kilichokufa tangu mwaka wa 2016.

Siku ya tatu anarudi kule kuwauliza. Mama wawili wa chama watamsindikiza, na mmoja wao amekwisha kutoa fotokopi ya kifungu cha 448, kile kipya.