Norman Maclean: ofisi ya chuo, familia na ufito wa kuvulia

Vyuo vikuu hukumbuka majina ya walioandika vitabu na waliogundua mambo mapya, ilhali wale waliokaa ofisini wakisikiliza mashauri ya wanafunzi, wakipitia mafaili na kuhudhuria vikao visivyokwisha, husahaulika mara tu wanapostaafu na kukabidhi funguo. Norman Maclean, aliyezaliwa mwaka 1902 katika jimbo la Iowa nchini Marekani na kufariki Chicago mwaka 1990, alitumia takriban miaka 45, kuanzia 1928 hadi 1973, katika Chuo Kikuu cha Chicago akiwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza na, kwa vipindi tofauti, kiongozi wa utawala. Alipostaafu alikuwa hajachapisha hata hadithi moja ya kubuni. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 73, alitoa kitabu cha hadithi kilichomweka miongoni mwa waandishi wanaosomwa sana wa nchi yake, na hadithi kuu ya kitabu hicho inahusu baba, wana wawili na samaki wa mtoni.

Maisha ya namna hii huelezwa mara nyingi kwa lugha ya mizani, kana kwamba mtu huyagawa mafungu matatu, yaani la kazi, la familia na la starehe, kisha akahakikisha hakuna fungu linalolalia upande mmoja. Maelezo hayo hayamfai Maclean, kwa sababu kazi yake ya kalamu, mapenzi yake kwa jamaa zake na ustadi wake wa kuvua vilitoka kwa mwalimu mmoja, ambaye ni baba yake, na vilifundishwa kwa ukali ule ule. Mzee huyo, John Norman Maclean, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, dhehebu la Kiprotestanti lenye asili ya Scotland linalosisitiza nidhamu na elimu, na alihudumu Missoula, mji wa magharibi mwa jimbo la Montana uliozungukwa na misitu ya misonobari na mito ya maji baridi.

Mchungaji hakumpeleka mwanawe shuleni mapema. Alimfundisha mwenyewe nyumbani hadi alipokaribia umri wa miaka 11, na somo kubwa la asubuhi lilikuwa kuandika: mtoto alipewa mada, akaandika, akapeleka kazi kwa baba, naye baba akairudisha akitaka jambo lile lile lisemwe kwa nusu ya maneno, kisha kwa nusu ya nusu hiyo, na mwisho karatasi ikatupwa. Mchana ulikuwa wa mtoto kuzurura msituni na mtoni. Anayesoma sentensi za Maclean wa uzeeni, zilivyo fupi pale zinapopaswa kuwa fupi na ndefu pale tu jambo lenyewe linapodai urefu, anaiona alama ya asubuhi zile, na hapana shaka kwamba mafunzo hayo yalimfaa pia ofisini, mahali ambapo uandishi wa maneno mengi ni ugonjwa unaojulikana.

Uvuvi aliofundishwa unahitaji kuelezwa, kwa kuwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua mshipi wa pwani, ambao mvuvi huuzungusha na kuutupa ukiwa na chubwi, yaani kipande cha risasi au chuma, ili uzito huo uuvute ugwe na ndoana hadi chini. Uvuvi wa nzi bandia hauna chubwi. Chambo chake ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi, ikatengenezwa ifanane na mdudu wa mtoni, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kurushwa peke yake; kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa makusudi, nao humbeba nzi huyo hadi juu ya maji. Mvuvi huinua ufito na kuupeleka nyuma, husubiri mshipi unyooke hewani mgongoni pake, kisha huusukuma mbele na kuulaza mtoni taratibu ili nzi atue bila kishindo. Kosa la anayeanza huwa katika ule muda wa kusubiri, kwani akiharakisha, mshipi haujanyooka na nguvu yote hupotea, na akichelewa, mshipi huanguka nyuma yake na kunasa vichakani.

Katika hadithi kuu ya kitabu chake, mchungaji huwafundisha wanawe kwa metronomu, chombo cha wanamuziki kinachopiga mdundo usiobadilika, na hudai kwamba ufito uende na kurudi kwa hesabu ya nne, bila kuvuka namba 10 na namba 2 za uso wa saa. Wavulana walitamani kwenda kuvua. Walichopewa kwanza ni mdundo. Ufito wenyewe ulikuwa wa mianzi iliyopasuliwa vipande vyembamba na kuunganishwa kwa gundi, wenye urefu unaozidi kidogo mita 2.5, mwepesi kuliko vikombe vingi vya chai. Paul, mdogo wake Norman, aliupita upesi ustadi wa baba na wa kaka, akabuni mtindo wa kumpitisha nzi juu ya maji mara nyingi bila kumtua, ili samaki aliye chini aone kivuli chake, adhani kuna kundi la wadudu, na aamke kabla nzi hajagusa mto.

Samaki wanaovuliwa hivyo ni trauti, jamii ya samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, wanaokula wadudu wanaoanguliwa mtoni na kuruka juu yake. Samaki hawa si wageni kabisa katika eneo letu: mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, alileta trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na hadi leo mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya ina trauti na wavuvi wa nzi bandia, ingawa kwa muda mrefu mchezo huo ulikuwa wa walowezi na wageni wao. Huko Montana ulikuwa mchezo wa mchungaji, wa mwandishi wa gazeti na wa mkata magogo, na tofauti hiyo inastahili kukumbukwa na msomaji anayedhani kwamba uvuvi huu ni wa matajiri kila mahali.

Kazi ya Chicago ilikuwa mbali na mito hiyo kwa zaidi ya kilomita 2,000. Maclean alifika huko mwaka 1928 baada ya kusoma katika Chuo cha Dartmouth na kufanya kazi katika kambi za magogo na katika idara ya misitu ya serikali, ambayo alijiunga nayo akiwa kijana mdogo wakati wanaume walipokwenda kupigana Vita Kuu ya Kwanza. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1940. Vita vya Pili vilipoikumba Marekani, alikataa nafasi ya kuwa ofisa katika upelelezi wa jeshi la majini, akakubali kuwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, cheo ambacho katika vyuo vya Tanzania hujulikana kama Mshauri wa Wanafunzi. Wakati huo huo aliongoza taasisi ya chuo iliyotoa mafunzo ya kijeshi, na akashiriki kuandika mwongozo wa kusoma ramani za kijeshi na picha zilizopigwa kutoka angani, kazi ambayo bila shaka ilimfaa mtu aliyekuwa akisoma milima na makorongo tangu utotoni.

Chuo cha miaka hiyo hakikuwa mahali pa utulivu. Vijana waliitwa jeshini katikati ya masomo, wanajeshi walikuja kufundishwa, na mnamo Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Stagg, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia lililojiendesha lenyewe, siri ambayo wengi waliokuwa wakipita nje ya ukuta hawakuijua. Mshauri wa wanafunzi katika hali kama hiyo hushughulikia watu wanaoondoka na wasiojua kama watarudi, na ushauri mwingi anaoweza kuutoa ni wa taratibu tu: fomu ipi, tarehe ipi, masharti yapi.

Gharama ya utumishi huo ilionekana katika orodha ya machapisho yake, ambayo kwa vipimo vya leo vya kupandisha vyeo ingemtia mashakani. Makala zake mbili za kitaaluma zinazojulikana zaidi, moja kuhusu nadharia za ushairi wa karne ya 18 na nyingine kuhusu wazimu wa Mfalme Lear katika tamthilia ya Shakespeare, zilitoka mwaka 1952 katika mkusanyiko uliohaririwa na R. S. Crane, na mswada wake kuhusu Jenerali Custer na vita vya Little Bighorn aliuacha njiani. Alichokuwa nacho ni darasa. Chuo kilimtunuku tuzo ya ufundishaji bora zaidi ya mara moja, na John Paul Stevens, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alimhesabu kuwa mwalimu aliyemnufaisha kuliko wengine. Kama kipimo cha mwalimu kingekuwa wanafunzi wake badala ya kurasa zake, mjadala ungeishia hapo.

Kila kiangazi familia ilirudi Montana, katika kibanda cha magogo ambacho baba yake na jamaa walikijenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kando ya ziwa Seeley, si mbali na mto Blackfoot. Mkewe, Jessie Burns, aliyemwoa mwaka 1931, alikuwa mtu wa Montana pia, kutoka kijiji cha Wolf Creek, na watoto wao wawili, Jean na John, walikulia kati ya jiji la mawe na kibanda kile. John alikuja kuwa mwandishi wa habari na wa vitabu, akaandika naye kuhusu mto huo huo na ukoo huo huo.

Paul hakuishi kuyaona hayo yote. Mwezi Mei 1938 alipigwa na kuuawa Chicago, jiji ambalo alikuwa amehamia kutoka Montana kufuata nyayo za kaka yake, na waliomuua hawakupatikana. Katika hadithi, Maclean alikihamishia kifo hicho Montana na kumfanya Paul abaki kuwa mwandishi wa gazeti, mlevi, mcheza kamari na mvuvi asiye na mfano, kisha akaweka karibu naye shemeji mmoja kutoka upande wa mke, kijana wa mjini anayekwenda mtoni na kopo la kahawa lililojaa minyoo, jambo ambalo kwa akina Maclean ni karibu na kufuru. Shemeji ni kichekesho na Paul ni msiba, lakini swali linalowahusu ni moja: mtu wa nyumbani kwako anapozama na hataki mkono wako, umsaidie vipi?

Miaka michache baada ya kumzika ndugu yake, mtu aliyekuwa na swali hilo alikaa nyuma ya meza ambayo kazi yake yote ni kuwasaidia vijana wa watu wengine. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma hadithi hiyo bila kuona kwamba aliyeiandika anaijua vizuri tofauti ya msaada unaotolewa kwa utaratibu, ambao una kanuni, mhuri na mwisho wake, na ule anaouhitaji ndugu, ambao hauna kanuni na huenda hata yeye mwenyewe asiweze kuutaja.

Jessie alifariki mwaka 1968, Maclean akastaafu mwaka 1973, na watoto wake wakamsihi aziandike simulizi alizokuwa akiwasimulia. Hadithi tatu zilizopatikana zilikataliwa na wachapishaji wa New York, mmoja wao akilalamika kwamba zina miti ndani yake, mpaka mwaka 1976 zilipotolewa na shirika la uchapishaji la chuo chake mwenyewe kwa jina la A River Runs Through It, kikiwa kitabu cha kwanza cha hadithi mpya za kubuni ambacho shirika hilo lilikitoa. Mwaka 1977 waamuzi wa tuzo ya Pulitzer walikipendekeza, lakini bodi ikaamua kutotoa tuzo ya hadithi za kubuni kabisa mwaka huo. Filamu iliyoongozwa na Robert Redford ilitoka mwaka 1992, na sehemu kubwa ya mandhari yake ya mto ilipigwa katika mto Gallatin badala ya Blackfoot, mto wa hadithi yenyewe, ambao migodi na ukataji wa magogo vilikuwa vimeuumiza kwa miaka mingi.

Kitabu chake cha pili, Young Men and Fire, kilichotoka mwaka 1992 baada ya kifo chake, kinachunguza moto wa Mann Gulch wa Agosti 1949, uliowaua wazimamoto 13, wengi wao wakiwa wameshuka kwa miavuli. Vitabu viwili ni haba kwa kipaji kama hicho, na ni haki kusema kwamba ofisi na darasa viliwanyang'anya wasomaji kile vilichowapa wanafunzi. Msomaji atakayetaka kumjua mtawala huyu asiishie kwenye hadithi ya uvuvi, bali aifikie ile ya tatu, inayotokea mwaka 1919 katika msitu wa serikali, ambamo kijana wa miaka 17 anamchunguza bosi wake, mlinzi wa misitu Bill Bell, mwendo wake, ukimya wake na namna anavyowapanga watu kazini. Hapo ndipo Maclean alipoandika kwa undani zaidi kuhusu kuongoza watu, na hakuna ofisi hata moja ndani yake.