Mitishamba kwa Maumivu ya Viungo: Tahadhari juu ya Unga Unaotuliza kwa Siku Mbili

Mama mmoja mkulima wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, aliletwa kwetu akiwa amelegea, anatapika, na shinikizo lake la damu limeshuka mno. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinywa unga wa mitishamba alioununua mnadani kwa ajili ya magoti. Maumivu yalitoweka siku ya pili. Uso ukaviringa, hamu ya chakula ikazidi, na majirani wakamsifu kuwa amenawiri. Unga ulipokwisha asipate mwingine, akaanguka.

Sijui mmea wowote unaotuliza goti lililochakaa kwa kasi hiyo. Kinachoweza kufanya hivyo ni dawa za steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, ambazo katika nchi nyingi zimegunduliwa zikiwa zimesagwa kwa siri ndani ya unga unaouzwa kwa jina la mitishamba. Mwili una homoni ya aina hiyo, itengenezwayo na tezi zilizo juu ya figo. Ikiingizwa kwa wingi kutoka nje, tezi hizo husinzia. Dawa ikikatwa ghafla, mwili hubaki mtupu. Kabla ya hapo huwa imekwisha kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Kwa hiyo, anayeshuku kuwa unga wake ni wa namna hii asiuache ghafla kwa kujiamulia. Afike hospitali upesi, tena aje na pakiti yenyewe. Wagonjwa wengi hutuficha, na kosa hilo kwa sehemu ni letu, kwa kuwa tumezoea kuwakaripia.

Haya hayaifuti tiba asili. Aspirini, iliyotengenezwa mwaka 1897, ina asili yake katika gome la mti wa Ulaya, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina taasisi inayotafiti tiba asilia. Tangawizi na binzari manjano zimechunguzwa kwa wenye uchakavu wa magoti: baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu, lakini ni ya wastani na huja polepole, baada ya majuma. Kiambato kikuu cha binzari hufyonzwa kwa shida tumboni. Pilipili manga husaidia. Katika mboga na chai viungo hivi havina shaka kwa walio wengi, bali anayetumia wafarini asivitumie kwa wingi kama dawa, kwani anaweza kuvuja damu.

Baridi ya asubuhi huku kwetu huongeza ukakamavu, ingawa si chanzo cha ugonjwa. Kitambaa cha maji ya moto, mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito husaidia goti kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, pamoja na homa, usingoje chai ya tangawizi: usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache tu.