"Baba, Wale Wanapigana Kweli?"

Ndugu msomaji, ukipita Jumapili alasiri katika mitaa ya Moshi, iwe Majengo, Pasua au Njoro, si ajabu kusikia kelele zitokazo katika kibanda cha kuonyeshea picha. Kama si mpira, huenda ikawa mieleka ya Marekani. Ndani, wakubwa kwa wadogo wamebanana juu ya mabenchi, na katika televisheni mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala amemwinua mwenzake juu ya kichwa ili ambwage. Ukipanda mlimani, upande wa Kibosho au Marangu, utawakuta watoto chini ya migomba wametandaza majani makavu, nao wanabwagana vivyo hivyo, mmoja akipiga ardhi kwa kiganja na kuhesabu moja, mbili, tatu.

Jioni mtoto hurudi nyumbani na swali: "Baba, wale wanapigana kweli?"

Wazazi wengi hulijibu swali hili kwa haraka. Mmoja husema: "Ni uongo mtupu, nenda kasome." Mwingine, ambaye naye hupenda kutazama, huapa kwamba ni kweli tupu. Majibu yote mawili yana kasoro. Swali la mtoto lastahili jibu kamili, kwa maana ndani yake limo jambo linaloigusa hata heshima yetu sisi watu wa Afrika Mashariki.

UGOMVI HUTUNGWA

Jambo la kwanza analopaswa kuambiwa mtoto ni kwamba mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Waandalizi hukaa chini wakaamua nani ashinde, nani ashindwe, na nani amtukane nani juma lijalo. Daima huwapo mtu mwema, ambaye vijana wetu humwita stelingi, na mtu mbaya ambaye kazi yake ni kuchukiwa. Wakiwa ulingoni hunong'onezana hatua inayofuata, na mwamuzi naye huwapelekea maagizo ya waandalizi. Yule anayeinuliwa juu husaidia kujirusha, na yule anayemwinua hujitahidi kumtua asivunjike shingo. Kwa hiyo wale wawili unaowaona kuwa ni mahasimu, kwa hakika ni wafanyakazi wenza, na uhai wa kila mmoja umo mikononi mwa mwingine.

Ugomvi huo hutungwa kwa sababu ya fedha. Kwa majuma mengi watazamaji huonyeshwa bure, au kwa gharama ndogo, jinsi uhasama unavyokua: leo tusi, kesho kofi, keshokutwa usaliti wa rafiki. Kisha hutangazwa kwamba kesi hiyo itamalizwa usiku fulani, na usiku huo haupatikani bure. Kwa miaka mingi aliyetaka kuuona akiwa nyumbani kwake ilimlazimu alipie onyesho hilo moja. Kwa ufupi, majuma yote yale yalikuwa tangazo la biashara.

Shirika lililoieneza sana biashara hii ni lile lililojulikana kama WWF, ambalo tangu mwaka 2002 huitwa WWE. Tarehe 31 Machi 1985 lilifanya tamasha lake la kwanza la WrestleMania katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na watu wa miji mingine wakalitazama kwa kulipa kiingilio katika kumbi zilizounganishwa kwa televisheni. Katika pambano kuu Hulk Hogan na mwigizaji Mr. T walipambana na Roddy Piper na Paul Orndorff, naye Muhammad Ali akawa mmoja wa waamuzi. Miaka minne baadaye, mwaka 1989, shirika hilo lilikiri lenyewe katika jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani wala si mashindano. Halikukiri kwa kupenda ukweli. Lilitaka kuepukana na usimamizi na gharama ambazo jimbo liliweka juu ya michezo ya ngumi na mfano wake.

SI JAMBO GENI KWETU

Tusifanye haraka kuwacheka Wamarekani. Ugomvi wa kutunga upo kwetu tangu zamani. Mchagga na Mpare ni watani. Mpare atasema mbele ya kadamnasi kwamba ukitaka kuhakikisha Mchagga amekufa, uangushe sarafu karibu na sikio lake. Asipoamka, basi mzikeni. Mchagga naye atajibu kwamba Mpare yu tayari kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Mgeni asiyejua mila atadhani damu itamwagika, kumbe wawili hao wataondoka pamoja wakila na kunywa.

Kadhalika kule Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili huchapana kwa migomba, na kinyongo cha mwaka uliopita hutolewa hapo hadharani. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na aliyemo ndani hutoka salama. Siku hiyo ikipita, watu wameanza mwaka na mioyo myeupe.

Basi, kutunga ugomvi si kosa. Utani unafaa kwa kuwa una masharti yake: pande zote mbili zinajua kwamba ni utani, kila upande una nafasi ya kujibu, na mwisho wake hakuna anayebaki na jeraha ambalo mwenzake hana. Tuichukue mizani hii tuipime mieleka ya kulipia.

ANGUKO LA KWELI

Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma na kufunikwa kwa godoro jembamba na turubai. Mpiganaji hufunzwa kuanguka kwa mgongo mzima ili uzito utawanyike, lakini kuanguka ni kuanguka. Anayebwagwa mara kadhaa kwa usiku mmoja, juma baada ya juma, kwa miaka kumi, huumia magoti, uti wa mgongo na kichwa. Ushindi hutungwa, maumivu hayatungwi.

Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, mpiganaji aitwaye Owen Hart, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa ashushwe kwa kamba kutoka darini hadi ulingoni. Ulikuwa mzaha wa kuwachekesha watazamaji wa onyesho la kulipia. Kifungo kiliachia, akaanguka zaidi ya mita 20, akafa. Mtangazaji alilazimika kuwaeleza watu waliokuwa wakitazama majumbani kwamba hilo halikuwa sehemu ya burudani. Walikuwa wamezoea mno kuona mambo ya kutungwa hata ukweli ulihitaji mtu wa kuutolea ushahidi. Na onyesho, ndugu msomaji, halikusimamishwa. Mapambano mengine yaliendelea usiku ule ule, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kulipa.

"MGANDA" WA MEMPHIS

Sasa tulifikie jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Moshi.

Mwezi Machi mwaka 1979, kuanzia tarehe 24 hadi 26, mji wetu ulipokea Waganda kutoka pande mbalimbali za dunia. Walikuwa wakimbizi wa utawala wa Idi Amin: wasomi, wanajeshi, wanasiasa, watu wa vyama vilivyokuwa vikipingana vikali. Vita vya Kagera vilikuwa vikiendelea. Mwaka uliotangulia, baada ya majeshi yake kuingia katika ardhi yetu, Amin alikuwa ametangaza kwamba yu tayari kuumaliza ugomvi kwa kupigana ngumi na Mwalimu Nyerere, naye Muhammad Ali awe mwamuzi. Dunia ilicheka. Watu wa Kagera, waliokuwa wamepoteza ndugu, ng'ombe na nyumba, hawakuwa na sababu ya kucheka. Hapa Moshi Waganda wale walibishana, wakapatana, wakaunda chombo kimoja cha ukombozi, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kukiongoza. Tarehe 11 Aprili Kampala ikakombolewa.

Huo ulikuwa uhasama wa kweli, wenye makaburi ya kweli. Lakini haikupita hata miaka minne, mtu mwingine akaonekana katika mji wa Memphis, Marekani, akitangazwa kuwa ni jitu kutoka Uganda, aliyepata kuwa mlinzi wa Idi Amin. Aliitwa Kamala. Alikuwa na uso uliopakwa rangi, tumbo lililochorwa nyota na mwezi, miguu mitupu, na mkuki mkononi. Hakusema neno la kueleweka. Alipiga tumbo lake na kunguruma. Hata namna ya kumlaza mpinzani alijifanya haijui, akawa anamgandamiza kifudifudi badala ya chali. Pembeni aliongozwa na mtu aliyevaa kinyago na mavazi ya msafiri wa porini, kama mchungaji na mnyama wake.

Mtu huyo hakuwa Mganda. Jina lake lilikuwa James Harris, aliyezaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Mississippi, na aliyewahi kuendesha malori. Mwaka 1982 waandalizi wa Memphis, Jerry Jarrett na Jerry Lawler, walimtungia sura hiyo. Picha za kumtangaza, zilizodaiwa kuwa za msitu wa Afrika, zilipigwa Tennessee kwa msaada wa moshi wa kutengeneza. Na jina lenyewe Kamala, ambalo huko liliuzwa kama mlio wa kutisha, huku kwetu ni jina la heshima la watu wa kweli, hasa katika mkoa wa Kagera, ule ule ambao askari wa Amin waliuvamia.

Tuweke jambo hili katika mizani yetu ya utani. Je, pande zote zilijua? Harris alijua, na waandalizi walijua. Lakini Mganda aliyechorwa kama mla watu hakuulizwa wala hakupewa nafasi ya kujibu. Kijana wa Marekani aliyetazama usiku ule alirudi nyumbani akidhani ameiona Afrika.

Je, faida iligawanywa sawa? Harris alipanda ngazi hadi kupambana na Hulk Hogan, na tarehe 29 Agosti 1992 alisimama katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati ambao waandalizi waliutaja kuwa zaidi ya watu 80,000, akipambana na Undertaker. Mwezi Novemba mwaka huo, katika onyesho jingine la kulipia, alishindwa na mpinzani yule yule na kufungiwa ndani ya jeneza. Baadaye alieleza waziwazi kwamba malipo yake yalikuwa sehemu ndogo sana ya aliyoyapata mwenzake. Alirudi kwenye malori. Ugonjwa wa kisukari ukamkata mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 70.

Haifai kumlaumu Harris. Alikuwa mtu mweusi wa Mississippi anayetafuta riziki, na mlango aliofunguliwa ulikuwa huo. Lakini mtoto wa Moshi anayetazama kanda zile za zamani, ambazo hata leo zinapatikana kwa simu ya mkononi, yafaa aambiwe kwamba yule "Mganda" hakutungwa na Waganda.

WAGANDA WENYEWE

Lipo jambo la kufurahisha la kumwambia vilevile. Tangu mwaka 2023, katika wilaya ya Mukono, karibu na Kampala, vijana wa Uganda wa kiume na wa kike wamekuwa na mieleka yao. Mwanzilishi wake hujulikana kwa jina la Bumbash. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua ulingo, walisimamisha nguzo za mianzi, wakazungushia kamba, wakalainisha udongo na kubwagana katika matope. Picha zao zimetazamwa sehemu nyingi za dunia. Nao pia wana watu wema na wabaya, na nao pia hutunga ugomvi wao. Tofauti ni kwamba anayeigiza Mganda ni Mganda, na yeye ndiye anayeamua afananeje.

Basi, mzazi, mtoto wako akirudi kutoka kibandani na swali lake, usimfukuze wala usimdanganye. Mketishe. Mwambie hawapigani kweli, ila wanaumia kweli, na kwa hiyo asijaribu kumbwaga mdogo wake kutoka kitandani, maana wale wamefunzwa kwa miaka na bado wengine wamekufa. Kisha mfundishe kuuliza maswali mawili kila anapoona watu wakigombana mbele ya umati, iwe ulingoni au kwingineko: nani aliyeutunga ugomvi huu, na nani anayepokea fedha mlangoni?

Huenda asikujibu siku hiyo. Huenda akakimbilia nje, kwenye majani makavu ya migomba, ambako rafiki yake anamngoja. Mwache acheze. Ila sikiliza kidogo kutoka dirishani. Utawasikia kwanza wakipatana nani leo awe mbaya, na kwamba kesho itakuwa zamu ya mwenzake.