Safari za wastaafu kwa gari-nyumba nchini Marekani

Safari za wastaafu kwa gari-nyumba ni desturi iliyoenea nchini Marekani. Watu waliomaliza utumishi wao, mara nyingi mume na mke, husafiri kwa majuma au miezi kadhaa wakiishi ndani ya gari lenye vitanda, jiko na choo. Jioni hupiga kambi katika maeneo yaliyotengwa, hasa katika hifadhi za majimbo. Wengine hurudi nyumbani msimu ukiisha. Wengine huuza nyumba yao na kuishi barabarani mwaka mzima.

Hifadhi ya jimbo ni nini

Hifadhi ya jimbo isichanganywe na hifadhi ya taifa. Hifadhi za taifa, kama Yellowstone iliyoanzishwa mwaka 1872, ziko chini ya serikali ya shirikisho. Hifadhi za majimbo huendeshwa na jimbo lenyewe, na kila moja kati ya majimbo 50 lina sheria na ada zake. Tofauti hiyo inakaribiana na ile iliyoko Kenya: hifadhi za taifa husimamiwa na serikali kuu kupitia shirika la KWS, lakini Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok.

Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyokabidhi bonde la Yosemite kwa jimbo la California, litunzwe kwa ajili ya umma. Bonde hilo lilirudishwa kwa serikali ya shirikisho mwaka 1906. Eneo la Maporomoko ya Niagara, jimboni New York, lilitengwa mwaka 1885 na huhesabiwa kuwa hifadhi ya jimbo kongwe kuliko zote. Itasca, jimboni Minnesota, penye chanzo cha mto Mississippi, ilifuata mwaka 1891.

Hifadhi nyingi zilipata sura yake ya sasa kati ya miaka 1933 na 1942. Wakati huo wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt iliajiri vijana wasio na kazi kupanda miti na kujenga barabara, madaraja na vibanda vya mawe na magogo. Ramani ya kambi nayo ina asili yake. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Emilio Meinecke, aliona kwamba magari yaliyoegeshwa ovyo yalishindilia udongo juu ya mizizi na kuidhuru miti mikubwa. Alipendekeza barabara ya mzunguko inayopitwa upande mmoja tu, na kila kambi iwe na kichochoro chake cha kuegesha. Mpango huo unatumika mpaka leo.

Hifadhi hizo hazikuwa za wote tangu mwanzo. Katika majimbo ya kusini, Wamarekani weusi walizuiwa kuingia au walitengewa hifadhi zao chache. Jones Lake, jimboni North Carolina, ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili yao. Ubaguzi huo ulikomeshwa kisheria katika miaka ya 1960. Kwa hiyo baadhi ya wastaafu weusi wanaopiga kambi leo wanaingia katika malango ambayo wazazi wao hawakuruhusiwa kuyapita.

Historia ya gari-nyumba

Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha mjini New York gari lililokuwa na kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda, pamoja na beseni la kunawia. Lilikuwa gari la matajiri. Watu wa kawaida walifunga mahema na masanduku kwenye magari yao ya Ford, na mwaka 1919 wasafiri wa aina hiyo waliunda chama chao huko Tampa, Florida.

Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilianzisha ujenzi wa mtandao wa barabara pana kati ya majimbo, na safari ndefu zikawa rahisi. Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck alizunguka nchi akiwa na mbwa wake katika gari la mzigo lililowekewa chumba mgongoni. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1962. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kuunda magari-nyumba kwa wingi, na bei ikashuka. Leo kitovu cha viwanda hivyo ni eneo la Elkhart, jimboni Indiana.

Aina

Wamarekani hugawa magari-nyumba katika madaraja matatu:
- Daraja A ni kubwa kuliko yote. Hujengwa juu ya fremu ya basi au lori, na mbele huwa bapa kama basi.
- Daraja B ni gari dogo lenye umbo la kawaida la nje, kama matatu au daladala, lililotengenezwa ndani kuwa chumba.
- Daraja C hubakiza kichwa cha gari la mzigo, na huwa na kitanda juu ya dereva.

Nyumba ya kukokotwa isiyo na injini si gari-nyumba, ingawa hukaa katika kambi zile zile.

Maji na umeme

Gari-nyumba huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya jikoni na bafuni, na la choo. Matangi mawili ya mwisho hufunguliwa katika kituo cha majitaka pekee. La choo humwagwa kwanza, kisha la jikoni, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Vali ya tangi la choo haiachwi wazi wakati gari limeegeshwa, kwa sababu maji hutoka peke yake na kinyesi hubaki kikigandamana. Mpira wa maji ya kunywa hautumiwi kwa kazi nyingine yoyote.

Taa na pampu hutumia betri za volti 12. Kambini gari huunganishwa na umeme wa volti 120 kupitia soketi ya ampea 30, na magari makubwa hutumia ampea 50. Jiko hutumia gesi ya mtungi. Pasipo na umeme, wasafiri hutegemea jenereta au paneli za sola.

Maisha ya kambini

Nafasi huwekwa mapema kwa simu au intaneti, na katika hifadhi zinazopendwa huisha miezi kadhaa kabla ya msimu. Hifadhi nyingi huruhusu kukaa siku 14 mfululizo, kisha mgeni huhama. Saa za utulivu kwa kawaida huanza saa 4 usiku. Kwa kuwa kambi nyingi zilichorwa wakati magari yalikuwa mafupi, msafiri huulizwa urefu wa gari lake kabla ya kupewa nafasi.

Kuni hununuliwa karibu na kambi. Majimbo mengi yamekataza au kuwekea masharti kuni zinazotoka mbali, kwa sababu hubeba wadudu. Mdudu mmoja wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti ya ash ya Kimarekani, na kuni za wapiga kambi zilikuwa mojawapo ya njia zilizomsambaza.

Wastaafu wengi hujitolea kuwa wenyeji wa kambi. Hupewa nafasi ya kuegesha bila malipo, nao hupokea wageni, husafisha majiko ya moto na kuwaita wahifadhi panapotokea shida.

Gharama na matibabu

Pensheni ya serikali inaweza kuanza kuchukuliwa katika umri wa miaka 62, ingawa kwa kiwango kilichopunguzwa. Bima ya afya ya wazee, Medicare, kwa kawaida huanza katika umri wa miaka 65. Kwa hiyo anayeacha kazi akiwa na miaka 62 lazima ajue nani atalipia matibabu yake kwa miaka mitatu. Hata baada ya hapo kuna la kuangalia: Medicare ya kawaida hutumika kwa daktari yeyote nchini anayeipokea, lakini mipango mingi ya kampuni binafsi hufungamana na hospitali za eneo moja, jambo lisilomfaa mtu anayehamahama.

Raia au mkazi wa kudumu mwenye miaka 62 au zaidi anaweza kununua kadi ya wazee ya hifadhi za taifa. Kadi hiyo hupunguza kwa nusu ada ya kambi nyingi za shirikisho, lakini hifadhi za majimbo hazifungwi nayo. Baadhi ya majimbo yana punguzo lake, mara nyingi kwa wazee wakazi wa jimbo hilo.

Wasio na nyumba hulazimika bado kuwa na anwani kwa ajili ya leseni, bima na kodi. Wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato, na kuna huduma za kuwapelekea barua popote walipo.

Hatari

Matairi ya gari-nyumba huzeeka kabla ya kwisha, kwa kuwa gari husimama muda mrefu. Yanaweza kupasuka yakiwa bado yanaonekana mapya. Moshi wa jenereta na jiko la gesi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, hivyo king'ora chake ni cha lazima. Urefu wa kwenda juu nao husahaulika. Daraja moja la reli mjini Durham, North Carolina, lenye nafasi ya mita 3.56, lilikuwa maarufu kwa kuchubua mapaa ya magari hadi lilipoinuliwa mwaka 2019.

Mwisho wa safari

Swali gumu zaidi ni lini kuacha. Macho hufifia, mikono hupungua nguvu, na gari kubwa halisamehe kosa. Mara nyingi mmoja tu ndiye huendesha, na mwenzake hajui hata kufungua vali za matangi. Akiugua ghafla mbali na mji, wote wawili hukwama. Ndiyo maana wasafiri wazoefu huwashauri wenzi kujifunza kila kazi wote wawili, na kubeba orodha ya dawa na majina ya ndugu mahali panapoonekana.

Waliouza nyumba huwa na tatizo la ziada: hawana pa kurudi, na thamani ya gari imeshuka mwaka hadi mwaka. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na chenye makao Livingston, Texas, kina eneo ambapo wanachama waliozeeka au kuugua huegesha magari yao na kuendelea kuishi humo, huku wakipata chakula na msaada wa mchana. Wengine hurudi karibu na watoto wao, au huhamia nyumba ndogo katika mji waliowahi kupiga kambi na kuupenda.