Jamii Inayoishi Ndani ya Toleo la 1.8.9

Minecraft ni mchezo wa kompyuta usiomlazimisha mchezaji kufuata hadithi yoyote. Hupewa dunia ya vitalu, akachimba, akajenga na kupigana apendavyo. Markus Persson wa Uswidi aliutoa kwa umma mwaka 2009, na kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Aliyekwisha kuununua hupata matoleo mapya bure, yenye wanyama, mapango na madini ambayo zamani hayakuwapo. Pamoja na neema hiyo yote, wapo wachezaji wengi wanaofungua programu, wakayapita matoleo mapya, wakachagua 1.8.9 lililotoka Desemba 2015. Wasiowajua huwaona wakaidi, au watu wanaolilia utoto wao. Mimi naona wamejijengea mila, na mila hiyo imefungamana na kanuni za toleo hilo hata haiwezi kuhamishwa ikabaki ilivyo.

Chanzo cha mgawanyiko ni toleo la 1.9, lililotolewa Februari 2016 na kubadili namna ya kupigana. Tangu hapo upanga ukishapiga huhitaji zaidi ya nusu sekunde kurudisha nguvu zake, na anayewahi kupiga tena hutoa pigo dhaifu. Kujikinga kwa upanga kuliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ngao. Kwa anayejenga nyumba na kufuga kondoo, mabadiliko hayo ni madogo. Kwa wapiganaji yalifuta elimu nzima. Walikuwa wamejua kukinga na kupiga kwa mfululizo mmoja, kutumia ndoano ya kuvulia samaki kumyumbisha adui kabla hajakaribia, na kuachia kitufe cha kwenda mbele kwa kitambo kidogo kisha kukibonyeza tena ili pigo linalofuata limsukume mpinzani mbali zaidi. Hakuna kitabu cha mchezo kilichowafundisha hayo. Waliyagundua wenyewe, wakafundishana, wakayapa majina, wakafungua seva za mazoezi ambako mtu hushinda kutwa akirudia jambo moja tu, kama vile kutandika daraja la vitalu huku akirudi kinyumenyume juu ya shimo. Pambano likiisha, mshindi na mshindwa huandikiana herufi mbili, gg, kukiri kwamba mchezo ulikuwa mzuri. Anayetumia programu ya kumbofyia kipanya huhesabiwa mwizi wa heshima, akafukuzwa.

Wapinzani husema kupigana kwa zamani ni kubofya tu, na kwamba anayebofya haraka ndiye anayeshinda. Hoja hiyo haitazami mchezo unavyofanya kazi. Katika 1.8.9 aliyepigwa hupata takriban nusu sekunde ambamo pigo jingine la nguvu ileile halimdhuru, kwa hiyo mibofyo mingi hupotea bure. Kinachoamua ni umbali, kwa kuwa upanga hufika vitalu vitatu hivi, pamoja na kujua lini usonge na lini umwache adui aje mwenyewe. Wanaosema ni kumbukumbu za utoto nao wana la kujibu: vijana wengi wa leo katika mapambano hayo walikuwa wadogo mno mwaka 2015 kuweza kuwa na la kukumbuka. Wamelikuta toleo hili mikononi mwa waliowatangulia, kama kijana wa Unguja anavyolikuta bao na kete zake 64, hatua ya namua na ya mtaji. Mtu akija na bao lisilo na lile shimo maalumu liitwalo nyumba, akadai ni jepesi na la kisasa, mafundi hawatamkatalia kwa kuogopa jipya. Watakataa kwa sababu hesabu zote walizozoea kuzipiga kichwani zimeegemea nyumba ile.

Ipo hoja yenye uzito zaidi: kwamba hawakuchagua, wamefuata tu seva kubwa. Ni kweli Hypixel, iliyofunguliwa 2013, imeendelea kuendesha mapigano kwa kanuni za zamani, hata anayeingia na toleo jipya huyakuta hivyo. Lakini seva hiyo haina nguvu ya kumzuia mtu, kwani seva za kanuni mpya zipo tele. Naiona imeitikia matakwa ya watu wake. Kwa kulinganisha, seva ya 2b2t, iliyoanza 2010, ilikaa miaka mingi katika 1.12, kisha Agosti 2023 ikahamia 1.19, na jamii yake haikusambaratika. Urithi wake mkubwa uko ardhini, katika magofu na barabara za miaka yote hiyo, na ardhi ilihama nao. Wa 1.8.9 urithi wao uko vidoleni. Hawana cha kuhamisha.

Usalama ndio wasiwasi wa haki. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro ya Log4j, maktaba ya programu ambayo mchezo huu hutumia, iliyowawezesha wahalifu kuingia katika kompyuta na seva za wachezaji, na 1.8.9 ilikuwa miongoni mwa matoleo yaliyoathirika. Mojang, kampuni inayotengeneza mchezo huu, haikuwaambia wahame. Ilitoa tiba kwa matoleo ya zamani pia, kwa wachezaji na kwa wenye seva. Huo ndio mwenendo ninaoutaka kwa kila kampuni inayouza dunia ambazo watu huja kuishi ndani yake: kurekebisha kilichooza na kuacha kanuni kama zilivyo. Kila mwenye seva ya zamani naye anapaswa kuweka tiba hiyo kabla ya kumfungulia mgeni yeyote.