Je, Wajua Kwamba Tangi la Dizeli Hupumua?

Daladala ya mbao inayotoka Mjini Unguja kwenda Nungwi ina safari ya kilomita 60 hivi. Tuseme inakula lita 15 kwa kila kilomita 100. Mpaka abiria wa mwisho ateremke, lita tisa za dizeli zimeshatoka tangini, na nafasi yake haibaki tupu: lazima lita tisa za hewa ziingie. Mlango wa hewa hiyo ni tundu dogo ambalo abiria hawalijui, na mara nyingine hata dereva hajawahi kulitazama. Katika gari nyingi limo ndani ya mfuniko wa tangi. Katika nyingine ni mpira mwembamba unaotoka juu ya tangi na kuning'inia kando ya chesi.

Dukani kopo la mafuta ya kupikia hutobolewa mara mbili, tundu moja la kumiminia na jingine la kuingizia hewa. Anayetoboa moja tu huona mafuta yakitoka kwa kusitasita. Tangi la gari linafuata kanuni hiyo hiyo, ila lenyewe hutikiswa barabarani, huanikwa juani na hurushiwa maji ya madimbwi, kwa hiyo tundu lake limewekewa ulinzi. Mifuniko mingi ina vali mbili ndogo zenye springi. Moja hufunguka kuelekea ndani mara tu presha ya tangini ikishuka kidogo chini ya ile ya nje. Ya pili ni ngumu zaidi, nayo hufunguka kuelekea nje pale joto linapotanua hewa na mafuta. Mingine ina gololi inayoviringika na kuziba njia gari ikilala ubavu, ili dizeli isimwagike kwenye ajali.

Je, wajua kwamba tundu hilo likiziba, gari iliyojazwa mafuta huzima mapema kuliko yenye nusu tangi?

Wengi wangekisia kinyume chake. Chukua tangi la lita 100. Likiwa nusu, lina lita 50 za hewa. Injini ikila lita tisa bila hewa mpya kuingia, zile lita 50 za hewa zitajitanua kujaza nafasi ya lita 59, na presha itapungua kwa asilimia 15 hivi. Pampu itapata taabu, lakini huenda gari ikafika Nungwi. Sasa lijaze tangi hilo mpaka ibaki nafasi ya lita tano tu. Lita tatu za kwanza zikishaungua, hewa ya lita tano inajaza nafasi ya nane, na zaidi ya theluthi ya presha imekwisha. Kwa ulaji ule ule, lita tatu ni kilomita 20: hata Mahonda, iliyo njiani, ni mbali kwa gari hiyo.

Ndiyo maana dereva huapa kwamba ameuziwa mafuta mabovu. Asubuhi gari ilikuwa nzima, kapita sheli, kajaza, na nusu saa baadaye imezima. Kila kitu kinaelekeza kidole kwenye sheli. Filta hubadilishwa, mafuta humwagwa, fedha hutoka, na mfuniko wenye kosa hurudishwa mahali pake na kukazwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Dizeli yenyewe inachangia tatizo. Petroli hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo hujaza sehemu ya pengo. Dizeli, kwa joto la kisiwani, karibu haivukizi kabisa, hivyo pengo hubaki pengo. Isitoshe, hewa iliyoyeyuka ndani ya mafuta huanza kujitenga kama mapovu presha inaposhuka, na mapovu hayo husafiri hadi kwenye pampu. Fundi akilegeza skrubu ya filta akaona povu, husema gari imevuta upepo, kisha huanza kutafuta mpira uliopasuka. Mpira uko salama. Upepo umetoka ndani ya dizeli.

Na bati la tangi? Usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya takriban kilo moja. Ubavu wa tangi wenye sentimita 60 kwa 40 una sentimita za mraba 2,400. Presha ya ndani ikipungua kwa asilimia 15 tu, ubavu huo unasukumwa kutoka nje kwa nguvu ya kilo 360. Tangi lililobonyea kila upande bila alama ya kugongwa limebonyezwa na hewa.

Kupima kama tundu limeziba hakuhitaji mashine. Gari ikianza kukosa nguvu, simama pembeni na ulegeze mfuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwa sauti kuingia ndani, kisha injini ikarudi hali yake baada ya kupiga pampu ya mkono, mgonjwa ni mfuniko au mpira wa kupumulia. Nasema taratibu kwa sababu kosa linaweza kuwa upande wa pili. Sehemu kubwa ya dizeli inayofika kwenye pampu haiungui, hurudi tangini ikiwa ya moto, na tangi lililoshindwa kutoa pumzi linaweza kukurushia mafuta usoni.

Dawa ya njiani inayojulikana ni kutoboa mfuniko kwa msumari, au kuutupa na kuziba shingo ya tangi kwa kitambaa. Siipendi hata kidogo. Kwenye malori madogo tangi hufungwa ubavuni mwa chesi, wazi, kimo cha madimbwi. Wakati wa masika tundu la msumari hupokea kila kinachorushwa na tairi, na kitambaa huloa kisha kikakamua maji yake humo humo. Mfuniko mpya ni gharama ndogo mno ukiulinganisha na nozeli zilizoliwa na kutu.

Ukienda kuununua, angalia usipewe mfuniko wa petroli. Kwenye maduka ya spea miwili inaweza kufanana kwa uzi na kwa upana, na kazi yake ikawa tofauti kabisa. Gari nyingi za petroli za miongo ya karibuni hupumua kupitia kopo la mkaa maalumu linalonasa mvuke, utaratibu ulioanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kupunguza moshi wa mijini, na kwa hiyo mifuniko yake mingi haipumui ipasavyo kwa kazi ya dizeli. Dizeli haikuhitaji kopo hilo, kwa kuwa haina mvuke wa kunasa. Mfuniko uliozibwa ukifungwa kwenye tangi lisilo na mpira wa kupumulia, gari itazima siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba unyevu wa hewa ya Unguja huingiza tangini maji machache kuliko inavyosemwa?

Tumezoea kusikia kwamba tangi lisipojazwa jioni, hewa ya usiku italijaza maji. Hesabu yake si ngumu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu kabisa hubeba gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, yaani gramu 3 katika lita 100. Ukiunguza tangi zima la lita 100, hewa iliyoingia badala yake imekuja na gramu 3 kwa wingi wake wote, na nyingi huendelea kuwa mvuke. Pumzi ya mchana na usiku ni ndogo zaidi. Lita 50 za hewa zikipashwa kwa nyuzi 20 hutoa nje zaidi kidogo ya lita tatu, na usiku huvuta kiasi hicho hicho: sehemu ya kumi ya gramu. Mwezi mzima wa kuegeshwa haujazi kijiko cha chai.

Kwa hiyo fundi akitoa kikombe kizima cha maji chini ya filta, asiulaumu umande. Maji hayo yameingia kwa tundu la msumari, kwa mpira wa mfuniko uliokauka na kupasuka, au yalikuwamo kwenye dumu lililoachwa mvuani. Hata hivyo, hayo matone machache yana madhara yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, na pale yanapokutana na mafuta huota kuvu anayeitwa Hormoconis resinae. Hula mafuta, huzaa utando mweusi wa utelezi, na utando huo ndio unaoziba filta za gari zinazolala muda mrefu. Kutoa maji ya chini ya filta kila mara ni kazi ya dakika chache.

Jua lina hesabu yake pia. Lita 100 za dizeli zikipashwa kwa nyuzi 20 huongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu. Gari iliyojazwa hadi shingoni alfajiri kisha ikaegeshwa juani mchana kutwa italazimika kuyatoa hayo mafuta ya ziada, na njia ni ile ile ya hewa. Doa chini ya tangi siku hiyo si lazima litokane na tundu la kutu.

Je, wajua kwamba buibui waliwahi kurudisha maelfu ya magari kwa mafundi?

Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari yapatayo 65,000 aina ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakisuka utando ndani ya mpira wa kupumulia. Tangi likinyimwa hewa lingeweza kupasuka. Mwaka 2014 yakaitwa mengine 42,000 kwa sababu hiyo hiyo. Hayo yalikuwa magari ya petroli, ila mpira ni mpira. Kwetu wa kuchungwa ni nyigu wanaofinyanga udongo, wale wale wanaoziba matundu ya kufuli na fremu za madirisha. Gari iliyosimama wiki kadhaa, au jenereta ya akiba, inafaa ikaguliwe ncha ya mpira kabla ya kuwashwa.

Jenereta tunazijua vizuri. Waya wa umeme wa chini ya bahari, uliolazwa 1980 kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, ulipoharibika mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima iliishi kwa ngurumo za jenereta, na vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa moshi wao. Kila moja ya mashine hizo ilikuwa na tangi lake, na kila tangi lilikuwa na tundu lake la hewa.

Baharini jambo hili limeandikiwa sheria. Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Shehena wa 1966 unataka mabomba ya hewa ya matangi yasimame angalau milimita 760 juu ya sitaha kuu, na milimita 450 juu ya sitaha ya jengo la juu, na yawe na njia ya kuyafunga. Mengi hupindwa kichwa kuelekea chini, na ndani yake huwekwa boya au mpira unaoelea: wimbi likifunika bomba, mpira hupanda na kuziba, maji yakishuka, nao huanguka na hewa hupita tena. Chombo kikijazwa mafuta, hewa yote ya tangi hutoka kwa bomba hilo hilo, na ndiyo sababu chini ya mabomba ya matangi ya mafuta hujengwa kizuizi cha chuma kama trei. Tangi likijaa kupita kiasi, mafuta yatatokea hapo kabla ya kufika baharini.