Tukichangia Stenti, Tusisahau Vidonge

Mtaa wa River Road, hapa Nairobi, ni shule kwa mwenye macho. Matatu, mabasi ya kwenda mashambani na hamali wenye mikokoteni hugombea njia ile ile nyembamba. Mkokoteni mmoja ukipinduka, mtaa mzima hufungika kwa dakika chache. Mishipa inayoulisha moyo damu nayo hufungika vivyo hivyo, ila moyo hauna vichochoro vingi vya kukwepea.

Ndugu msomaji, maradhi haya hayaanzi siku mtu anapoanguka. Kwa miaka mingi mafuta hujilimbikiza katika kuta za mishipa hiyo, yakichochewa na shinikizo la damu, kisukari na sigara. Siku moja utando unaoyafunika mafuta hayo hupasuka. Mwili, ukidhani umejeruhiwa, hutuma chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu ambazo kazi yake ni kuziba vidonda. Bonge la damu huundika, njia huzibika, na sehemu ya msuli wa moyo huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, aliugua moyo kwa miaka kadhaa kabla ya kufariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Wakati huo tiba ya kuipanua mishipa ya moyo bila kupasua kifua ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Daktari Andreas Gruentzig aliifanya kwa mara ya kwanza mjini Zurich, Uswisi, Septemba 1977, kwa kupitisha mrija wenye puto dogo. Mwaka 1986 madaktari wa Ufaransa na Uswisi wakaongeza stenti, kijibomba cha wavu wa metali kinachoachwa ndani ya mshipa ili usijifunge tena. Leo kazi hiyo hufanywa Nairobi penyewe, na aghalabu mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache.

Walakini, kwa chembe sahani stenti ni kitu kigeni. Hadi mwili uufunike wavu huo kwa utando wake, jambo linalochukua miezi, bonge jipya laweza kuundika ndani ya stenti yenyewe. Wanaopatwa na balaa hilo katika mwaka wa kwanza ni wachache, takriban mmoja katika kila 100. Lakini mshipa huzibika ghafla, na baadhi yao hufa. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa mbili kwa pamoja, aspirini na klopidogreli au dawa ya jamii yake, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja. Kuziacha kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za bonge hilo.

Sasa tuzitazame desturi zetu. Mwalimu akiugua moyo, walimu wenzake, wazazi na jamaa huitisha harambee. Fedha za hospitali hupatikana, stenti huwekwa, watu hushukuru na kamati huvunjwa. Aghalabu hakuna aliyeandika katika hesabu vidonge vya mwaka mzima. Mgonjwa hubaki na karatasi ya daktari mkononi na karo za watoto zikimngoja. Huteremka River Road, kwenye maduka ya dawa yanayosifiwa kwa bei nafuu, akanunua vidonge vya wiki moja. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali, humeza leo akaruka kesho. Haumwi popote, basi hujiambia kwamba amepona. Hivyo, kwa ajili ya shilingi chache za vidonge, huiweka rehani stenti iliyochangiwa kwa malaki.

Mitego mingine i katika safari hiyo hiyo. Tumbo likimwaka moto, aweza kuuziwa omeprazoli, dawa ambayo mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba hupunguza nguvu ya klopidogreli. Mgongo ukimwuma, aweza kuuziwa ibuprofeni, ambayo humzidishia hatari ya kutokwa na damu. Akienda kung'olewa jino, aweza kuambiwa aache vidonge kwa wiki moja. Wote hao huenda wana nia njema, ila hawakuambiwa habari za stenti. Mgonjwa hana budi kuitaja kila aendako, na asibadili dawa yoyote kabla ya kumwuliza daktari wake wa moyo.

Wapo watakaosema kwamba vidonge hivi navyo vina madhara. Ni kweli. Dawa inayozuia damu kuganda yaweza kumfanya mtu atokwe na damu tumboni. Choo cheusi kama lami ni ishara ya kwenda hospitali upesi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hufupishiwa muda. Lakini uamuzi huo ni wa daktari aliyezipima hatari zote mbili, wala si wa mfuko uliokauka.

Basi kamati za michango, hasa za shuleni, ziweke kando fedha za vidonge vya mwaka mmoja kabla ya stenti kuwekwa. Zisipopatikana, daktari aambiwe mapema, maana aweza kuchagua stenti au tiba nyingine inayomfaa mgonjwa huyo. Nanyi wanafunzi, hesabu mnayofundishwa ina kazi nyumbani: vimebaki vidonge vingapi, na vitakwisha tarehe gani? Maumivu ya kifua yakimrudia mzazi, jasho likimtoka na pumzi zikimpaa, msingoje mapambazuko. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Harambee iliyonunua stenti haina budi kununua na vidonge vyake.